Lango Lisilo na Nyumba

Mama mkwe wangu hakuwa na imani na ndege, hakuwa na imani na chakula cha watu wengine, na zaidi ya yote hakuwa na imani na fundi umeme mmoja wa mtaa wa Joubert Park, Johannesburg. Kwa ajili ya huyo fundi alikubali kupanda ndege na kula chakula cha watu wengine mpaka Uchina.

Mume wangu alikuwa mtu wa Afrika Kusini aliyekimbilia Tanzania enzi za ubaguzi. Tulioana Morogoro, na nchi yake ilipokuwa huru tukahamia Johannesburg, Troyeville, nyumbani kwa mama yake. Mungu akamchukua mapema. Mimi mtu wa Tanga nilikaa eda kama tulivyofundishwa kwetu, nikaimaliza, nikadhani yamekwisha. Kumbe kwa wakwe ndiyo kwanza yanaanza. Wakanivika gauni jeusi, kilemba cheusi, na shali nyeusi iliyobanwa kwa pini kifuani. Mwaka mzima mjane hapazi sauti, hakutwi nje jua likizama, na ndani ya gari anakaa kiti cha nyuma kabisa. Mwaka ukiisha mama mkwe ndiye humvua, nguo huchomwa moto, na kuanzia hapo mwanamke yuko huru, hata akitaka kuolewa.

Mwaka ukaisha, na mama mkwe hakunivua. Mara baridi imezidi, mara shangazi wa Durban anaumwa magoti, mara paa linavuja na wageni watalowa. Tulikuwa wawili tu ndani ya nyumba ile, mimi na yeye na televisheni, na mimi nazidi kufanana na kunguru. Wakati huo huo yule fundi, mtu wa Mombasa, mpole, mwenye ndevu za kuhesabika, alikuwa akija kila Jumamosi kutengeneza birika la umeme ambalo halikuwa bovu. Nilimpenda. Nilitaka kuolewa naye, na kila nilipoiona shali ile kwenye kioo nilitaka kulia kwa hasira.

"Birika gani hili," mama mkwe aliuliza, "linaugua kila Jumamosi?"

Kazi yangu ilikuwa kuuza mablanketi, na niliyanunua kwa jumla kwa mzee mmoja wa Kichina. Ujanani alikuwa amejenga reli kwetu Tanzania, kwa hiyo Kiswahili alikijua, ingawa kilikuwa cha kambini na chenye amri nyingi. Siku moja alinikaribisha kijijini kwao, nione kiwanda nichague mwenyewe. Mama mkwe aliposikia neno safari, nadhani alimwona fundi amejikunja ndani ya sanduku langu.

"Tunakwenda wote, makoti," akasema.

Makoti ndivyo wanavyomwita mke wa mtoto wao. Tangu nishuke kwenye basi na mabegi yangu hakuwahi kuniita kitu kingine.

Kwenye ndege alidai tupewe kiti cha nyuma kabisa, tukakaa ukutani pa choo. Jua lilipoanza kuzama nje ya dirisha akashtuka: mjane yuko nje! Alifikiri kidogo, halafu akashusha pazia la dirisha.

"Hatujaona," akasema, akalala.

Kiwanda tulikiona, mablanketi tuliyachagua. Kisha mzee akasema hatuwezi kuondoka bila kuona fahari ya kijiji chao. Tulipita kwenye kinjia katikati ya mashamba ya mboga mpaka tukatokea mbele ya lango kubwa la mawe. Nguzo nne, juu yake vipaa vilivyopinda ncha, na samaki na maua yaliyochongwa kwa ustadi wa ajabu. Lakini hakukuwa na ukuta, wala uzio, wala nyumba. Upande huu kabichi, upande ule kabichi.

"Nyumba iko wapi?" mama mkwe akauliza.

"Hakuna," nikamtafsiria. "Ni lango tu."

"Eish. Walianza na mlango wakachoka."

Mzee akasimulia kwa Kiswahili, nami nikageuza kwa Kizulu changu cha kuungaunga. Lango lilikuwa kumbukumbu ya mjane. Mumewe alikufa yeye angali binti. Hakuolewa tena. Alimtunza mama mkwe wake mpaka akamzika. Habari zikamfikia mfalme, akafurahi, akaamuru lijengwe lango ili wanawake wengine waige.

Katika mawe yote ya dunia, nimeletwa kwenye haya! Mama mkwe alikuwa anatikisa kichwa kama yuko kanisani.

"Umesikia?" akasema. "Watu hawa wana adabu."

Kando ya lango aliketi bibi mmoja, mtunzaji wake, akikaanga karanga kwenye jiko la makaa. Mzee, kwa wema wake wote, akamweleza kwamba huyu aliyevaa nyeusi naye ni mjane, na anaishi na mama mkwe wake, na mama mkwe mwenyewe ndiye yule pale. Bibi akaangusha mwiko. Akapiga ukelele. Kijiji kizima kikatoka.

Mama mkwe alipewa kiti, chai na karanga. Mimi nilisukumwa mpaka katikati ya lango. Wanawake waliigusa shali yangu, wakawaonyesha binti zao, na mmoja akamfinya wa kwake ili atazame vizuri. Akaja mtu na kamera ya miguu mitatu.

"Anasema usicheke," mzee akatafsiri.

"Nani anacheka?" nikajibu.

Mama mkwe alikuwa amenona kwa furaha. Kwa mdomo uliojaa karanga akauliza, "Alikuwa anaitwa nani, huyo mwanamke?"

Mzee akainua macho kwenye maandishi ya juu. Akamuuliza bibi. Bibi akauliza wenzake, wakabishana bila kupatana.

"Jina halikuandikwa," mzee akasema. "Imeandikwa mke wa fulani, wa ukoo fulani."

"Na mama mkwe wake?"

"Hata yeye hakuandikwa."

"Mama mkwe alipokufa, huyu alibaki na nani?"

"Hakubaki na mtu. Alikaa peke yake mpaka uzee."

Mama mkwe akaacha kutafuna. Alilitazama lango, akatazama kabichi, akanitazama mimi kwa muda mrefu. Kisha akaweka kikombe chini, akaja pale chini ya lango, akaanza kuchomoa pini za shali yangu.

"Mama, watu wanatazama."

"Watazame. Tukiwangoja mashangazi, nitakufa kwanza mimi."

Akaivuta shali, akaenda nayo moja kwa moja kwenye jiko la karanga, akaitumbukiza. Bibi alidhani ni sadaka ya kwetu, akaleta ubani, akauinamia moshi, na kijiji kizima kikainama. Shali ilinuka kama ndala inayoungua. Ilikuwa imetengenezwa Uchina, masikini, ikarudi kufia kwao.

Katika moshi ule mama mkwe aliniita kwa jina langu, lile nililopewa na mama yangu Tanga. Sikujua kama analijua.

"Mwambie yule mtu wa birika," akasema, "kuanzia sasa apite mlango wa mbele."

Nililia kwa sauti, mjane mzima.

Tuliporudi, mashangazi walikasirika, wakala nyama, wakapoa, na gauni na kilemba vikachomwa uani kama inavyotakiwa. Nikaolewa. Fundi akahamia Troyeville, maana mama mkwe sikuwa tayari kumwacha. Mwezi uleule birika likaharibika kweli, na fundi hakuweza kulitengeneza.

Baadaye yule mzee alikuja kututembelea, ametoka tena kwao. Nilikuwa nimevaa gauni la njano, tumbo limenitangulia, namimina chai. Akatueleza kwa furaha kwamba picha yangu ya mavazi meusi imetundikwa chumbani kwa bibi wa lango, inafukiziwa ubani, na maharusi hupelekwa kuitazama. Nikamtafsiria mama mkwe, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga yangu.

"Chini yake wameandika nini?" akauliza.

"Mkwe mwema wa Afrika," mzee akajibu.

Kicheko kikakatika. "Jina lake hakuna?"

"Hakuna."

Akapiga meza, vikombe vikaruka. "Mwambie waandike jina lako. Haya, tafsiri."

"Mama, mimi nimeolewa. Nina mimba. Si mjane tena!"

"Hayo wasiandike," akasema. "Jina tu."