Pampu Niliyoisingizia

Mimi hukoroma. Nimeandika sentensi hiyo kwa mkono wangu na nyumba bado imesimama. Kwa muda mrefu nilimwambia mume wangu kwamba sauti inayomtesa usiku ni ya pampu ya samaki, na nilisema hivyo kwa utulivu wa mtu aliyekwenda chuo kikuu kujifunza kutetea hoja mbovu.

Pampu yenyewe haikuwa na sifa njema. Nilinunua kutoka kwa mfanyakazi mmoja wa shirika, aliyekuwa anafunga mizigo kuondoka Goma, sanduku lake la kioo, samaki wekundu watatu na kila kilichoendana nao. Pampu inakaa nje ya sanduku: mpira mmoja unavuta maji, mwingine unayarudisha. Niliiweka juu ya rafu iliyopigiliwa ukutani. Nyumba yetu ya Katoyi ni ya mbao, na ukuta huo ndio huohuo wa jirani. Ukipiga chafya huku, kule wanakuombea afya.

Mume wangu ni mzaliwa wa Butembo, mfanyabiashara wa maharage. Alikua akila samaki wa Vitshumbi, na habari ya samaki wa kutazama haikumwingia kamwe.

"Mama, hawa tutawakula siku gani?" aliniuliza.

"Hawa si ya kula."

"Wako na kazi gani basi?"

"Wanatuliza roho."

"Roho ya nani? Miye silalake."

Siku ya safari, mfuko ukiwa begani, akienda Butembo kwa ile njia ya kuzunguka ambayo siku hizi hakuna anayethubutu kuapa itachukua muda gani, alitoa hukumu kwa Kiswahili chetu, ambamo pampu ni 'pompe' na ndiyo ni 'njo'. "Unasema ni pompe njo inakoromaka. Sawa. Nikirudi nikute ingali inakoroma, samaki wanaenda kwa dada yangu, kule Mugunga. Ule anajua kukaanga."

Nilikuwa nimejitegea mtego mwenyewe. Neno moja la kweli lingewaokoa samaki, lakini mimi ni mtu wa kuandika makala juu ya watu wasiokubali makosa yao. Ilikuwa rahisi zaidi kuinyamazisha pampu.

Tangu hapo sikutulia. Chai ilipoa mezani, ukurasa nilioufungua asubuhi ulibaki mweupe, na mimi nimeinama mbele ya rafu kama anayesikiliza umbea. Kwanza niliongeza maji. Yalikuwa yamepungua, na mdomo wa mpira ulikuwa unakunywa maji na hewa pamoja, kama mtoto anayemalizia soda kwa mrija. Sauti ikashuka. Kabla ya mchana ikarudi.

Nikatafuta tundu. Nilipangusa kila ungio kwa kitambaa kikavu nione maji yanapotoka. Hayakutoka popote, nikatangaza kwamba mipira ni mizima. Ilinichukua siku nzima kukumbuka kwamba upande unaovuta haumwagi maji, unameza hewa. Tundu lake ni kavu daima. Nikachukua mafuta ya kujipaka, nikazungushia maungio moja baada ya jingine, sikio karibu. Nilipofika pale mpira unapoingia kwenye pampu, sauti ile ikakatika. Ncha ya mpira ilikuwa imekakamaa na kupanuka. Nikaikata kwa kisu cha jikoni, nikaisukuma upya, nikaibana kwa koliye, ile pete ya chuma yenye skurubu.

Hata hivyo viputo viliendelea. Nilizunguka nyumba, nikarudi, nikazunguka tena, ndipo nikayatazama mawe. Nilikuwa nimepamba sakafu ya sanduku kwa mawe meusi ya volkano niliyoyaokota uani. Katika mji huu mawe hatununui, tunajikwaa nayo. Yana matundu kama mkate. Hewa iliyojificha humo ilikuwa inapanda kidogo kidogo, moja kwa moja hadi mdomo wa mpira. Na unga wake mweusi ulikuwa umefika ndani ya pampu: nilipoifungua nilikuta gurudumu dogo linasaga mchanga. Nikaliosha kwa mswaki wa zamani wa mume wangu, au nilioamua kuwa ni wa zamani. Mawe nikayasogeza kona ya mbali. Mwisho nikaiondoa pampu kwenye rafu, maana ukuta wa mbao ulikuwa unaigeuza ngoma, nikaiweka chini juu ya kipande cha tairi, kama kile wanachopigilia kwenye magurudumu ya chukudu, kile kigari cha mbao cha kubebea mizigo.

Ikanyamaza. Nililazimika kuigusa kujua kama inafanya kazi.

Kesho yake jirani, mama aliyetoka Masisi na anayeuza jibini, alinisalimu akiwa ameinamia beseni lake.

"Papa amerudi?" aliuliza, maana yake mume wangu.

"Bado."

"Aa. Na ile kukoroma?"

"Ni pompe."

"Pompe," akasema, akizipanga jibini zake. "Inavutaka pumzi, inakamata, inaachilia. Hiyo pompe iko na mapafu."

Niliingia ndani nikaikaza tena koliye isiyo na kosa lolote.

Jumapili umeme ulikatika asubuhi. Pampu ikizima, samaki hukosa hewa, kwa hiyo nilichota maji yao kwa kopo na kuyamimina kutoka juu, nikachota, nikamimina, mpaka mkono ukachoka. Baada ya chakula nikajilaza kwenye kiti kirefu, na simu ikalia. Mume wangu alikuwa njiani kurudi. Niliiweka simu kifuani, ikiwa kwenye spika, akaanza kunieleza habari ya matope na lori lililokwama. Nilikuwa namsikiliza. Matope nayakumbuka vizuri.

"Mama."

"Nakusikia."

"Nimesema nini?"

"Matope."

"Hiyo ilikuwa mwanzo kabisa." Akakohoa. "Ile pompe haujaitengeneza. Nimeisikia mpaka huku, hata wenzangu wa gari wameisikia."

"Niliitengeneza, papa, nikaifunga na koliye. Leo njo imeanza tena."

"Aa. Umeme iko?"

Swali hilo, kwetu Goma, hujibiwa kabla ya kufikiriwa.

"Hakuna. Tangu asubuhi."

Nyuma yake mtu alianza kucheka, na mwingine akamuuliza kuna nini.

"Basi, samaki wabaki," akasema mume wangu. "Weye njo nitakuletea koliye."