Shamba la Mama Lililobaki Nusu

Mwaka jana nilirudi kijijini kwetu Ibadakuli kumzika mdogo wangu. Mhubiri, kijana aliyevaa suti nzuri, alisema wazee wa kanisa letu la mwanzo walikuwa na moyo mmoja, na wakisema neno wamesema. Mimi nilikaa mbele, bibi kizee, mkubwa kuliko wote pale, nikajikuta nauma meno. Watu walidhani ni uchungu wa msiba. Wewe siwezi kukuficha. Ilikuwa hasira, na nimeishi nayo tangu nikiwa na miaka kama tisa.

Ilikuwa miaka ile ya thelathini, wanaume walipokuwa wakienda Geita kutafuta kazi kwenye machimbo ya dhahabu. Baba naye alikwenda. Nyumbani tukabaki mama, bibi mzaa baba, mimi, na mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya.

Mama alikuwa mpika pombe. Kimea cha mtama kilianikwa kwenye mikeka mbele ya nyumba, na kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku. Pombe ilipoanza kuchacha ndani ya mitungi ilitoa sauti ndogo, kama watu wanaonong'onezana, na harufu yake tamu ilikaa hata kwenye nguo zetu. Sisi watoto tulipewa machicha tukayatafuna. Usidhani pombe ile ilikuwa ya ulevi tu. Ndiyo iliyolima mashamba. Ukitaka kulimiwa, unapika pombe, unaalika watu, nao wanakuja na majembe na ngoma, wanajipanga mstari mmoja, wanalima huku wanaimba. Kabla jua halijawa kali, shamba limekwisha.

Kisha mama akaingia kanisani. Lilikuwa kanisa la udongo lenye paa la nyasi, na kengele yake ilikuwa kipande cha reli kilichotundikwa mtini. Mwalimu wa dini alifundisha kwamba anayetaka ubatizo aache kupika pombe. Bibi alimuuliza mama swali moja tu: "Na nani atakulimia?"

Mama hakuwa mtu wa kuficha swali. Jumapili alisimama akalirudia mbele ya wote. Mwalimu akatabasamu. "Mama, acha mitungi," akasema. "Sisi ndugu zako katika imani ndio jembe lako. Mvua ya kwanza ikinyesha, Alhamisi yake tutakuja wote." Watu wakaitikia. Nami niliitikia, kwa sauti kubwa kuliko wengine.

Mama akabatizwa. Mitungi ikawa ya kuwekea mbegu na kunde.

Mvua ilipokuja, mama alijiandaa kama anayeoza binti. Tulikuwa na mbuzi mmoja, akamchinja. Alipika uji wa uwele akautia maziwa, akasonga ugali wa kutosha watu thelathini. Alhamisi tuliamka mapema tukafagia uwanja. Udongo ulinukia ule unyevu wa mvua mpya, ule ambao kila mkulima akiusikia mikono inamwasha. Tukangoja. Uji ukaanza kufanya utando juu. Bibi alikaa mlangoni akimenya karanga, kama mtu asiyengoja wageni.

Jua lilipopanda tukasikia ngoma ng'ambo ya korongo, kwa jirani. Jirani huyu hakuwa mtu wa kanisa. Alikuwa na wake watatu, mcheshi, na wake zake walikuwa wamepika pombe.

"Nenda ukatazame," mama akaniambia. "Huenda ndugu zetu wamepotea njia."

Hawakuwa wamepotea. Niliwakuta kwenye mstari, karibu wote niliowazoea kuwaona kanisani, wanainua majembe kwa pamoja. Na mwalimu alikuwa pembeni kivulini, kata ya pombe mkononi, povu kwenye masharubu. Aliponiona aliiweka kata chini taratibu, akanifuata.

"Mwambie mama yako nimeitwa kwa mgonjwa," alisema. "Wengine nao wamenisindikiza kwenda kumwombea. Tutakuja siku nyingine. Umesikia?"

"Nimesikia, Mwalimu."

Njia nzima nilifikiri. Nilimwona mama na ule uji wake, na nikaona ukweli ungemuumiza zaidi. Basi nikamwambia kama nilivyotumwa: mwalimu ana mgonjwa.

Hapo ndipo nilipokosea, maana nilisahau mama yangu ni mtu wa namna gani. Hakulalamika. Alipakua nyama kwenye chungu kidogo, akafunika na jani, akajitwika. "Twende," akasema. "Mgonjwa hali maneno. Ni nyumba gani?"

Nilisimama pale uwanjani nikilia, nikasema yote. Mama alishusha chungu. Akasema, "Wao hawakuja, sawa. Lakini wewe ni wangu, na umeniletea uongo kwa kinywa chako." Basi. Hakunipiga. Heri angenipiga.

Tukaanza kulima, yeye na bibi na mimi, mtoto mgongoni mwake. Siku ya pili jirani yule alivuka korongo, ana aibu usoni. "Mayu, sikujua wale walikuwa wako," alisema, akimwita mama kwa heshima ya Kisukuma. "Pika mtungi mmoja tu, nitawaleta wote. Mungu wako hatahesabu mtungi mmoja."

"Asipohesabu yeye, nitahesabu mimi," mama akajibu.

Jirani akatikisa kichwa akaondoka. Asubuhi iliyofuata alirudi na mke wake mkubwa na majembe mawili, bila ngoma, wakalima nasi mpaka adhuhuri, wakanywa ule uji. Alifanya hivyo siku tatu. Kisha shamba lake mwenyewe likamwita. Letu likabaki nusu. Nusu nyingine ikaota magugu, na mwaka ule tulikula michembe, viazi vikavu vya kuchemsha, mpaka nikawa naviona ndotoni.

Lakini njaa nimeisamehe. Nisichoweza kusamehe ni Jumapili iliyofuata Alhamisi ile. Mama alisimama mahali pake. Hakuuliza habari ya shamba wala ya pombe. Alisema, "Mwalimu, naomba jambo moja. Waambie watu kwamba yale maneno ya mgonjwa mtoto wangu alitumwa nawe. Hakuyatunga."

Mwalimu alifungua kitabu chake cha nyimbo. "Watoto husikia wanavyotaka, Mama," alisema kwa upole. "Tumsamehe." Akaanzisha wimbo, na watu wote, wenye mikono iliyokuwa bado na malengelenge ya shamba la jirani, wakaimba.

Tangu siku ile nikawa mtoto mwongo. Wenzangu waliniita hivyo kisimani. Mama aliendelea kwenda kanisani kila Jumapili, kwenye mkeka uleule, na hakupika pombe tena hadi anakufa. Nilikasirishwa na mwalimu, ndiyo, lakini nilikasirishwa zaidi na mama. Nilitaka apige kelele, au aache. Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza kwa nini alikaa. Alisema, "Kwani mimi nilimwahidi mwalimu?" Akaendelea kupeta mtama wake. Jibu hilo halijanitosha mpaka leo.

Siku hizi pale palipokuwa shamba letu kuna nyumba za bati, na korongo limejaa mchanga. Hakuna anayelima kwa mstari, na zile nyimbo za jembe nazikumbuka mimi na vizee wawili watatu. Mwalimu alizikwa kwa heshima kubwa. Mama, bibi, jirani na mke wake, wote wamekwenda, na walioimba Jumapili ile wamewafuata mmoja mmoja. Kila nilipopata habari ya kifo nilihesabu waliobaki, nikisema huenda huyu atasema kabla hajafa. Sasa hesabu imekwisha. Nimebaki peke yangu ninayejua kwamba nilitumwa.