Walisugua viganja vya mwanangu kwa mchanga kwa sababu ya keki

Admin, nifichie jina, na mtaa usiutaje kabisa, Tanga hii tunajuana. Nina miaka ishirini na tisa, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa kike. Kwetu ni Lushoto, nimelelewa Kilutheri, nikasilimu kabla ya ndoa kwa hiari yangu, hakuna aliyenishikia panga. Huu mwaka wa saba naswali, nafunga, na mwanangu anakwenda madrasa. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mkikuta maneno makali mnivumilie.

Mwanangu alikuwa anatimiza miaka sita, akataka keki ya pweza. Hakutaka mdoli wala ua, alitaka pweza, tena wa rangi ya waridi. Keki za kawaida nazijua, lakini hii ilitaka fondanti, lile donge la sukari unalolikanda na kulisukuma kama chapati, kisha unaifunika nalo keki ikawa nyororo. Nikaamua kuitengeneza mwenyewe: sukari ya unga, glukosi, na jelatini ya kulifanya donge livutike. Jelatini alikwenda kuinunua mume wangu mjini. Nilimwambia aangalie vizuri, maana zipo za nguruwe. Akamuuliza mwenye duka, akasoma pakiti, akarudi nayo, ya ng'ombe, ina alama ya halali. Yeye mwenyewe ndiye aliyenionyesha ile alama.

Joto letu mnalijua, fondanti inatoka jasho kuliko mkandaji. Nilikanda feni ikiwa imenielekea, mikono imejaa wanga wa mahindi isinate. Mwanangu akaomba miguu ya pweza aisokote yeye. Akaisokota yote minane kwa viganja vyake, huu mnene, huu mwembamba, nami nikaibandika hivyo hivyo. Alikuwa na furaha jamani, kila anayepita uani anaitwa aje aone.

Siku yenyewe sebule ilijaa. Mavyaa, yaani mama yake mume wangu, alikuja kutoka Pangani. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume, alikuwepo, na majirani na watoto wao. Keki imekatwa, watu wana sahani mapajani, ndipo wifi akaniuliza hii ya juu naipikaje. Mimi na ujinga wangu nikamweleza moja baada ya jingine. Nilipofika kwenye jelatini akaweka sahani chini.

"Msile. Jelatini ni mifupa ya nguruwe, nimeona kwenye simu."

Nikakimbilia jikoni nikaleta pakiti. Wifi hakuishika hata. Akasema kuandika kila mtu anaweza, na kwamba mdogo wake walimwambia kabla hajanioa, mtu aliyekulia kwenye kiti moto haoni tofauti. Wallahi kwa baba yangu nguruwe hakuwahi kufugwa wala kupikwa. Nikamgeukia mume wangu, aliyeinunua kwa mkono wake, nikingoja aseme neno moja tu. Akaangalia zulia. Akasema tuyaache haya, wageni wapo.

Mavyaa akaamuru vyombo vioshwe kama inavyooshwa najisi ya nguruwe, mara saba, na moja iwe kwa mchanga. Wakachota mchanga uani wakasugua sahani zangu za harusi. Sahani ningevumilia. Lakini wifi akamshika mwanangu mkono, akasema na huyu naye amelikanda hilo donge, akamburuta mpaka bombani akamsugua viganja kwa mchanga mbele ya wenzake. Mtoto analia, anasema ni pweza tu, shangazi, ni pweza tu. Pweza mwenyewe keshatupwa jalalani. Hapo nilimsukuma wifi nikambeba mwanangu, na maneno yaliyonitoka siyaandiki hapa. Sijutii hata moja.

Wageni walipoondoka nikamuuliza mume wangu kwa nini alinyamaza. Mnajua alinijibu nini?

"Ulitaka nimuumbue dada yangu mbele za watu?"

Yaani dada yake akiumbuka ni msiba, mimi nikiumbuliwa ndani ya nyumba yangu ni jambo la kuzoea. Nikamwambia basi nenda ukawaambie faragha. Mpaka leo hajafungua mdomo.

Sasa limekuja kubwa zaidi. Mavyaa anasema nyumba imeingia shaka, kwa hiyo Ijumaa hii nitoe shahada upya mbele ya shehe, wifi na shangazi zao wakishuhudia, na nimwombe wifi radhi kwa kumsukuma. Mume anasema nikubali, ni maneno tu. Maneno hayo ndiyo yaliyomfanya baba yangu asiniongeleshe miaka miwili. Nayasema kila siku kwenye swala zangu, na kwa Mungu wangu sioni taabu kuyasema. Lakini nikiyasema kwa amri ya wifi, nimekiri kwamba miaka yote hii nilikuwa naigiza. Nikikataa, mume kasema niende kwetu nikapumzike, na mtoto akakae kwa bibi yake Pangani.

Jana nimempakulia mwanangu wali na samaki, hakugusa. Nikamuuliza mbona huli. Akaniangalia, akasema, "Shangazi amesema hiki kinaliwa?"

Wenzangu, hasa nyinyi mliosilimu mkaolewa huku Pwani, nisemesheni. Niinamishe kichwa Ijumaa nisitenganishwe na mwanangu, au nimbebe nipande naye Lushoto kabla hajajifunza kunikinai kabisa?