Jiwe la Nane

Skolastika Msengi, ambaye Shelui nzima inamwita Mama Jesca, hakuwahi kuwa mtu wa vitabu. Alimaliza darasa la saba na anasoma bila shida, lakini kusoma kwake kulikuwa Biblia siku ya Jumapili na matangazo ya kijiji. Mgahawa wake uko kushoto ukitokea Singida, mahali ambapo malori huegesha kabla ya kuendelea Nzega. Una meza sita. Hupika wali, ugali, maharage na nyama ya mbuzi, na huonja chumvi kwa namna yake mwenyewe: hudondosha mchuzi nyuma ya mkono wa kushoto, akalamba. Kiganja cha kulia kiliungua kwa mafuta ya alizeti mwaka alioolewa, na tangu hapo hakiamini.

Kitabu cha kwanza kiliachwa mezani na dereva mmoja, mwezi wa nane mwaka 2019. Kiliitwa *Wafalme wa Mbuga Nyeupe*, na chini yake jina la mwandishi, Stanley Kitundu. Mama Jesca alilijua jina hilo. Stanley alikuwa karani kwenye karasha la kusagia mawe kule Sekenke, miaka ambayo mumewe, Eliya, alikuwa akichimba dhahabu.

"Kumbe Stanley naye anaandika," alisema, akakiweka juu ya friji ili dereva akirudi akikute.

Dereva hakurudi. Aliyekichukua ni binti yake, Jesca, ambaye anashona nguo kwenye baraza la mgahawa. Alikimaliza kwa siku mbili akaagiza cha pili kutoka Singida mjini, kisha cha tatu. Ni hadithi ndefu ya falme tatu zinazogombania bonde la chumvi inayong'aa gizani. Ina majoka wanaoishi chini ya ardhi, malkia aliyelaaniwa, na majeshi yanayotembea mwaka mzima bila kufika. Jesca akaingizwa kwenye kundi la wasomaji kwenye simu. Lilikuwa na watu mia nne na kitu, wa Singida, Tabora, Dodoma, hata Mwanza, na kazi yao kubwa ilikuwa moja. Waliiita kuokota. Mwandishi anaficha jambo dogo ndani ya sura, msomaji mwenye jicho analiokota na kuwaonyesha wenzake, wanaligombania wiki nzima.

"Mama, sikiliza hiki," Jesca alisema mchana mmoja wa mwaka 2021, mama yake akipepeta mchele. "Kuna punda wa jeshi anaitwa Bwana Afya. Kila kambi wanayofika anaanza kuchungulia masufuria. Anatajwa mstari mmoja tu kila kitabu, lakini watu wanamsubiri kuliko mfalme."

Mama Jesca akaweka ungo chini. "Rudia."

Jesca akarudia.

"Huyo punda alikuwa wetu," mama alisema. "Baba yako ndiye aliyempa hilo jina. Alikuwa haachi chungu cha mtu, utadhani anakagua usafi. Tulimuuza wewe hujazaliwa."

"Mama, punda gani asiyechungulia sufuria?"

"Nisomee tangu mwanzo."

Ilichukua wiki tatu. Jesca alisoma kati ya nguo moja na nyingine, mama yake akimenya, akichambua, akikoroga. Katika kitabu cha pili ilikuja sura ambayo mpishi wa malkia anaonja mchuzi nyuma ya mkono wa kushoto. Kundi la wasomaji lilikuwa limekwisha kuamua kwamba mpishi huyo ni mchawi, na kwamba kiganja cha kulia anakificha kwa sababu ndicho chenye sumu. Jesca alisoma hayo kwa sauti, kisha akautazama mkono wa mama yake.

Halafu yakaja mawe.

Sekenke, katika lile kundi la akina Eliya, kila anayeshuka duarani aliweka jiwe moja mdomoni mwa shimo, na akitoka analiondoa. Aliye juu akitaka kujua wangapi wako chini anahesabu mawe, basi. Kundi lao lilikuwa la watu saba, lakini mawe yalikuwa nane. Eliya aliweka mawili. Mtoto wao wa kwanza, Shukuru, alikufa akiwa na siku tisa, Eliya akiwa chini, na hakuna aliyeshuka kumwambia mpaka alipotoka mwenyewe. Tangu siku hiyo aliweka jiwe lake, na pembeni jiwe dogo. Wenzake walidhani ni mambo ya bahati, na wachimbaji hawaulizani mambo ya bahati. Sababu yake aliijua mkewe peke yake.

Katika kitabu cha pili, askari saba wanaingia kwenye pango la joka. Mlangoni wanaacha mawe nane. Mwandishi haelezi chochote.

"Hili ndilo lililowatesa watu," Jesca alisema. "Miaka miwili wanabishana. Wengine wanasema kuna msaliti asiyeonekana. Wengine wanasema mwandishi alikosea hesabu. Na yeye akiulizwa anajibu, 'Endeleeni kutafuta.'"

Mama Jesca hakumaliza kupika siku hiyo. Madereva walikula chapati za jana.

Eliya alikuwa akiandika. Kila mtu Sekenke alijua. Siku mawe yao yakingoja zamu kwenye karasha, alikaa juu ya gunia akaandika kwenye daftari la shule, kisha akawasomea waliokuwepo, na Stanley alikuwa akisahau kuandika mizigo ya watu kwa kumsikiliza. Vumbi lilimmaliza kifua Eliya mwaka 2012. Siku ya kuanua matanga vitu vyake viligawiwa mbele ya wazee kama ilivyo desturi: koti kwa kaka yake, Mzee Philipo, nyundo na sururu kwa wenzake wa duarani. Stanley aliomba madaftari. Yalikuwa matano. "Niyatunze, shemeji," alisema. Mama Jesca alimkabidhi kwa mikono miwili, na alimshukuru.

Sasa alitaka kitu kimoja: jina la Eliya lichapwe kwenye kitabu. Alianza kwa ukoo. Alikwenda Iguguno kwa Mzee Philipo, akamkuta anaanika alizeti.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umekuja na uso wa msiba. Nani tena?"

Akamweleza. Mzee aliendelea kugeuza alizeti kwa mguu mpaka alipomaliza safu.

"Kitu kilichotolewa matangani hakidaiwi," alisema. "Ukikidai, unamwinua marehemu aje agawe upya. Mimi nilipewa koti. Utalidai na koti?"

"Koti halijaandikwa jina la mtu mwingine."

"Na hayo madaftari yaliandikwa jina la nani?"

"Hayakuandikwa. Nani anaandika jina kwenye daftari lililo kwake?"

"Basi. Ulimpa mwenyewe, mimi nikiwepo. Usinitie aibu uzeeni, Skola."

Alirudi Shelui siku hiyo hiyo. Kilichobaki, alifikiri, ni wasomaji wenyewe. Watu wanaoweza kuona punda kwenye mstari mmoja kati ya kurasa mia tatu, wakionyeshwa mtu mzima watashindwaje kumwona?

Nafasi ilipatikana Februari 2023. Kitabu cha tano kilizinduliwa kwenye ukumbi mmoja Singida mjini, na wasomaji wakaalikwa kuja kuokota mbele ya mwandishi. Mama Jesca alivaa kitenge chake cha kanisani. Ukumbi ulikuwa na watu kama mia na hamsini. Msemaji wa shughuli alikuwa Peniel, kiongozi wa lile kundi la simu, kijana mwenye maneno mengi na fulana yenye picha ya joka.

"Jiwe la nane!" Peniel alitangaza. "Leo ama zake ama zetu! Nani anajua?"

Watu wanne walisema ya kwao. Wa tano alisimama Mama Jesca.

"Ni jiwe la mtoto aliyekufa," alisema. "Mmoja wa hao saba alifiwa na mtoto wake akiwa chini, hakujua. Kila akishuka anamwekea jiwe lake, ili ahesabiwe."

Mama Jesca alikuwa akimtazama Stanley, na anasema aliona wazi: Stanley hakuwa akikumbuka jibu, alikuwa akilisikia. Mdomo ulimfunguka kidogo. Kisha akasimama, akaanza kupiga makofi.

"Hatimaye!" alisema. "Miaka minne nimemngoja mtu huyu."

Watu walishangilia hadi viti vikaanguka. Mama Jesca aliinua mkono.

"Sikukisia," alisema. "Huyo mtoto nilimzaa mimi. Anaitwa Shukuru. Aliyeandika hayo ni baba yake, Eliya Msengi. Na punda alikuwa wetu. Na mpishi ni mimi, tazameni mkono wangu."

Aliuinua mkono wa kulia, kiganja kikiwatazama. Halafu Peniel akapiga kelele kwenye kipaza sauti:

"Mnaona? Mnaona msomaji? Wengine wanasoma kitabu, huyu mama anaishi humo! Amekuja na kovu kabisa!"

"Mpishi! Mpishi! Mpishi!" ukumbi uliitikia. Msichana mmoja alimkumbatia huku akilia kwa furaha. Walimpa zawadi ya Jicho Kali: vitabu vyote vitano ndani ya boksi, vimesainiwa. Alivyozidi kueleza ndivyo walivyozidi kumpigia makofi, kwa sababu kila alilolitaja lilikuwemo kitabuni, na kila mtu pale alikuwa amekwisha kuliokota.

Baadaye Stanley alimwita kwenye chumba cha nyuma. Maneno yao nayaandika kama Jesca alivyonipa. Alikuwa amefuatana na mama yake, akasimama mlangoni.

"Shemeji, ungekuja kwangu kwanza."

"Nimekuja sasa. Weka jina lake."

"Ulinipa mwenyewe, mbele ya wazee."

"Nilikupa madaftari. Sikukupa mtoto wangu."

Stanley alikaa. Alionekana mchovu, si mtu mbaya. "Yalikuwa yameandikwa ovyo ovyo, unajua? Nimeyafanyia kazi miaka. Bila mimi yangeliwa na mchwa."

"Yako wapi?"

"Yaliliwa na mchwa."

Jesca alicheka pale mlangoni, kicheko kibaya. Stanley hakugeuka.

"Kimebaki kitabu cha sita," alisema taratibu. "Cha mwisho. Madaftari yalikuwa matano. Shemeji, Eliya alikuambia inaishaje?"

Hapo Mama Jesca alielewa kwamba bado alikuwa na kitu mkononi. Eliya alimweleza mwisho wote, wiki zake za mwisho, kwa vipande, kati ya kikohozi na kikohozi.

"Aliniambia," alisema. "Chapa jina lake juu, pamoja na lako, nitakueleza nikiwa nimekaa, mpaka neno la mwisho."

"Nitaangalia."

"Usiangalie. Weka."

Alingoja miaka miwili. Stanley hakupiga simu. Kitabu cha sita kilitoka Machi 2025, na nakala moja ililetwa mpaka mgahawani kwa bodaboda, imefungwa kwa karatasi ya zawadi. Jesca aliangalia jalada: Stanley Kitundu. Akafungua ukurasa wa shukrani. Uliandikwa hivi: "Kwa Mama Skola wa Shelui, msomaji mwenye jicho kali kuliko wote, aliyenifundisha kwamba kitabu ni mali ya anayekisoma."

Jina la Eliya halikuwemo. Shukuru alikuwemo, sura ya tatu, kama mtoto wa askari, na jiwe lake limeelezwa kwa kurasa mbili, karibu kwa maneno yale yale ya ukumbini.

Tangu hapo wasomaji husimama Shelui kwa ajili yake. Wanaagiza wali, wanamwomba aonje mchuzi ili wapige picha. Mwanzoni alikuwa akiwaeleza. Walimsikiliza kwa heshima, wakamwita mama, wakasema kundi zima linampenda kwa jinsi anavyoiigiza ile sehemu. Siku hizi huwapelekea chakula na kurudi jikoni.

Jesca alimwomba amwambie mwisho wa kweli. Mama yake alikataa. "Ukiujua utausema, ukiusema utaokotwa," alijibu, na hawajalirudia tena jambo hilo.

Kitabu cha sita hakikuwafurahisha watu. Kundini walilalamika kwamba wamekisoma mara mbili, mara tatu, na hawajaokota chochote: hakuna mstari wa pembeni, hakuna mtu anayepita mara moja bila sababu, kila jambo limesemwa waziwazi na kuisha hapo hapo. Mwezi wa tano Peniel alimwandikia Jesca kwa niaba ya wote. Alisema wamekwama, na kwamba kama kuna mtu duniani wa kuwasaidia ni mama yake. Vitabu vitano vimejaa hazina, cha sita kikavu; haiwezekani. Amefikiri nini Mama Skola? Ameona nini?

Jesca alimsomea mama yake ujumbe huo jikoni. Mama Jesca alifuta mikono, akamwambia ajibu: mtu aliyekuwa akiweka vile vitu alikufa mwaka 2012, na katika kitabu cha sita hamna kitu.

Jesca aliandika hivyo hivyo, neno kwa neno, akatuma kwenye kundi. Majibu yalianza kuingia kabla hajaweka simu chini. Yalikuwa mengi na yote yalifanana. Walimshukuru sana Mama Skola kwa fumbo hilo, wakaanza kutafuta ni nani katika hadithi aliyekufa mwaka 2012, na wakakubaliana kwamba safari hii mwandishi ameficha vizuri kuliko wakati wowote.