Visheti, Kuku na Nyumba ya Mzee Willem

Nianze kwa kukiri mwenyewe, maana mkisikia kwa mume wangu Ramadhani mtasikia na chumvi: kuku yule nilimshika mimi, kwa mikono hii hii, sebuleni kwa watu, mbele ya dalali na mbele ya mke na mume waliovaa makoti ya bei mbaya, na nyumba ambayo tulikuwa tumeshaanza kubishana kitanda kikae upande gani tukaikosa. Haya chekeni kwanza, mkimaliza niwahadithie.

Sisi tunakaa Ixelles, huku Ubelgiji, kwenye ile barabara ya maduka, ghorofa ya nne, lifti hakuna, na watoto wetu wawili wanalala chumba kimoja na mashine ya kufulia (mashine ikianza kukamua, kitanda cha Idi kinatembea chenyewe mpaka mlangoni). Mwenye nyumba alishatuambia binti yake anaolewa, kwa hiyo tumpishe kabla shule hazijafunguliwa. Basi tukawa tunahangaika kutafuta ya kununua, na mbili zilishatuponyoka, moja tuliikosa kwa sababu Ramadhani alitaka kwanza aifikirie, na mnunuzi aliyekuja nyuma yetu hakutaka kufikiria chochote.

Ndipo ikatokea hii ya mzee Willem. Iko kule nyuma ya Woluwe, mtaa ambao wengi wanaongea Kiholanzi, nyumba za matofali mekundu zimeshikana mabega, baiskeli kila mlango, na madirisha ya mbele makubwa hayana pazia hata moja! Jamani, mimi nimezaliwa Tanga, kwetu dirisha lina nondo, lina wavu, lina pazia zito na pazia jepesi, na bado mama anakaa mbali nalo. Hawa wamejianika. Na kwenye ukingo wa dirisha wamepanga vitu vyao vizuri, maua, bata wa udongo, taa, halafu vyote vinaangalia barabarani, wao wenyewe ndani wanaona migongo ya bata. Nilijiuliza sana hilo jambo, na kujiuliza ndiko kulikoniponza.

Mzee Willem alifiwa na mkewe, anaishi peke yake, mpole, mikono mikubwa. Nyuma kuna bustani yenye mti wa mapeasi. Ramadhani ni mtu wa Buyenzi, Bujumbura, anafanya kazi jikoni hospitalini huko huko Woluwe, yaani angeenda kazini kwa miguu, na alipouona ule mti akauendea akaupapasa kama anamsalimia mjomba. Dalali, kijana mwenye viatu vya ncha kali, alitupigia jioni yake akasema mzee amewapenda, amefurahi bwana alivyoshika mti, leteni dau lenu Jumatatu, mambo yatakwenda vizuri. Halafu akarudia maneno aliyotuambia tangu siku ya kwanza: mzee anataka biashara hii iende kimya kimya. Kweli hata kibao cha kuuza hakikuwekwa. Mimi nikadhani ndiyo tabia ya Wabelgiji, kila kitu kwao ni kimya kimya.

Kumbe kosa langu lilikuwa kumpigia mama simu kumpa habari njema. Mama akasikiliza yote, mti, dirisha, bata, halafu akauliza, "Na majirani je?"

"Majirani nini, mama?"

"Zuhura! Umeshawaona? Umekaa nao? Au unanunua matofali tu? Mwanangu, kwanza jirani, halafu nyumba. Ukishalipa ndiyo ugundue jirani mkorofi, utamrudisha kwa nani?"

Sasa niambieni, hapo ana kosa gani? Nikakesha na wazo hilo, asubuhi nikatoa unga, nikakaanga visheti, nikavipaka sukari nikavipanga kwenye sahani ya bati yenye maua mekundu niliyokuja nayo kutoka nyumbani, ili Jumamosi niende kuwapima majirani kistaarabu, kama watu. Ramadhani alipoona ile sahani akajua.

"Bon, Zuhura, sikia mimi," akasema. "Hapa si Tanga, na si Buyenzi. Hapa muntu anaweza kufa kwake ndani, jirani atajua kwa harufu. Donc, hizo visheti tutakula sisi."

Nikamwambia nimesikia. (Nyumbani kwetu kusema nimesikia ni kusikia tu, hakuna ahadi ndani yake.) Jumamosi yeye kaenda kazini, watoto wako madrasa, mimi huyo kwenye basi, baibui jipya, sahani mapajani imefunikwa kitambaa.

Mlango wa kwanza, upande wa kulia wa mzee Willem, alifungua kijana mwenye ndevu, akaacha upenyo wa pua tu. Nikamsalimia, nikamwambia mimi ni jirani yake mtarajiwa, inshallah, nikafunua kitambaa. Akaviangalia visheti, akaniangalia mimi, akasema asante, hanunui kitu mlangoni, akafunga. Hata bei hakuuliza! Mtu mwenye akili timamu angepanda basi akarudi zake. Lakini kiherehere changu mnakijua.

Upande wa kushoto alifungua bibi mmoja mfupi, nywele nyeupe, ndala za manyoya, anaitwa Godelieve. Huyu aliona sahani akafungua mlango wote. Kifaransa chake kilikuwa kibovu kama changu, kwa hiyo tukaelewana vizuri sana. Akanikalisha jikoni, dirishani naona bustani yake, kuku wake wanaparura, na kwenye uzio kilango kidogo cha mbao kinachoingia bustanini kwa mzee Willem. Nikanyoosha mkono nichukue kikombe kimoja kilichoning'inia ukutani, mpini wake umeungwa kwa gundi, yeye akakitoa mkononi mwangu taratibu akanipa kingine. Akanipa na biskuti moja, halafu akafunga kopo. (Moja! Nikasema haya, tutafundishana.) Akaonja visheti, akaonja tena, akataka kujua vinapikwaje, nikamwandikia na namba yangu ya simu, roho yangu kwatu. Jirani ndiye huyu.

Nikapata nafasi ya kuuliza lile swali langu, kwa nini mapambo yote yanaangalia nje? Akacheka. Akasema anayepita ajue kwamba ndani kuna mtu. Jibu hilo lilinipendeza mpaka nikajisahau, nikaanza kuuliza kama polisi: mtaa una kelele? Watoto wapo? Na huu ukuta, mkipiga chafya huku, kwa mzee Willem inasikika?

"Kwa nini unauliza ya Willem?"

"Si ndiyo nyumba tunayonunua."

Wallahi nilisema kwa furaha, nikamega na kisheti. Yeye akaniomba nirudie. Nikarudia, polepole zaidi, kama vile tatizo lilikuwa Kifaransa changu: mzee anauza, anahama, dau Jumatatu. Na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoona uso wa yule bibi unavyobadilika, na mimi badala ya kufunga mdomo nikaongeza habari za mti.

Akaangalia kile kikombe cha gundi ukutani. Hapo ndipo nilipoelewa kikombe ni cha nani. Kumbe tangu mkewe afariki, kila alasiri mzee anapita kwenye kilango kile, anakunywa kahawa yake jikoni pale, anarudi kwake. Jirani wa maisha, na hakumwambia. Habari ameletewa na mimi, mwanamke asiyemjua, na visheti!

Akasimama. Sahani yangu ilikuwa mkononi mwake, nadhani hakujua hata kama ameishika, akafungua mlango wa nyuma akaenda nayo mbio na ndala zake, na visheti vikawa vinadondoka kimoja kimoja kwenye majani. Mimi nyuma, "Madame! Madame, ngoja kidogo!" Na nyuma yangu kuku, wanadonoa kisheti, wanakimbilia kingine. Kilango nani alikifunga? Hakuna aliyekifunga.

Basi bwana, tukaingia sebuleni kwa mzee Willem kwa mlango wa bustani: Godelieve, mimi, na kuku. Mle ndani mzee amekaa kwenye kochi, na dalali amesimama anawaonyesha nyumba wale mke na mume wa makoti. Alikuwa kwenye sentensi ya utulivu wa mtaa. Mke wa koti akapiga yowe akapanda juu ya kiti na viatu vyake, kuku mmoja akaruka mpaka ukingo wa dirisha, akamkumba bata wa udongo, bata akaanguka paa! Na dirisha ndiyo lile, halina pazia, nikiangalia nje yule kijana wa ndevu kasimama barabarani na mwenzake wa baiskeli, wanatutazama kama televisheni. Ndipo nilipofanya jambo pekee ninalolijua vizuri. Nikakunja baibui, nikamzungukia yule kuku kwa upande wa taa, nikamnasa, nikamkandamiza kwapani. Wengine wakatimuliwa nje na yule mume wa koti, kwa gazeti.

Godelieve kasimama mbele ya mzee, sahani mkononi, akauliza neno fupi kwa Kiholanzi. Hakuna aliyehitaji kunitafsiria. Mzee Willem akaangalia zulia. Akaanza kueleza, sauti ndogo (Godelieve ndiye aliyenieleza baadaye, siku ile mimi niliona midomo tu): mwanawe anataka ahamie nyumba ya wazee karibu naye, Antwerp, na yeye kila siku alikwenda kunywa kahawa akiwa ameazimia kumwambia, na kila siku alikunywa akarudi. Yule bibi akalia. Mzee naye akalia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini mtu unamezwaje na ardhi ukiwa na kuku wa watu kwapani?

Dalali akanishika kiwiko, akanitoa kwa mlango wa mbele, mweupe kwa hasira, akafunga. Na kuku bado ninaye! Nikabonyeza kengele kwa Godelieve, atafungua nani na mwenyewe yuko kule analia? Ikabidi nikae kwenye benchi lililo chini ya dirisha lake, kuku mapajani, watu wa mtaa wanapita, na kila anayepita ananisalimia. Ramadhani alisema huku hawasalimii. Siku ile walinisalimia wote.

Simu ikalia. Ndiye yeye.

"Zuhura, uko wapi? Dalali amenipigia. Anasema uko na kuku. Kuku gani?"

Jamani! Kuku mwenyewe akajibu.

Jumatatu nyumba iliondolewa sokoni. Mzee Willem haendi tena Antwerp, amebaki na kahawa yake. Ramadhani hakunigombeza, na afadhali angegomba. Alitoa futikamba mfukoni mwa koti (alikuwa anatembea nayo tangu siku aliyouona ule mti), akairudisha kwenye droo taratibu, akaenda kulala. Idi akauliza, kwa hiyo mti si wetu? Nilijifungia chooni nikalia kwa uchungu, maana nyumba ile tulikuwa tumeshaipata, kabisa, na niliitoa mwenyewe kwa mdomo wangu nikitafuna.

Baadaye Godelieve akanipigia, akasema nifuate sahani yangu. Nikaenda na Ramadhani, kichwa nimeinamisha, nimejitayarisha kwa matusi. Akafungua mlango wote kama siku ile. Sahani ilikuwa mezani, imejaa mayai na mapeasi. Sijui nani alimfundisha yule bibi wa Kiholanzi kwamba sahani ya jirani hairudi tupu, mimi sikumwambia. Mzee Willem alikuwepo na kikombe chake cha gundi. Nikamwomba radhi kwa bata wake, akasema bata alikuwa wa mke wake, na mke wake mwenyewe hakumpenda bata yule. Halafu akamchukua Ramadhani nje akamwonyesha tawi gani linahitaji kukatwa.

Tangu hapo tunakwenda Jumamosi, na watoto, basi zima kutoka Ixelles. Siku hizi kopo la biskuti halifungwi. Nyumba tunatafuta bado, na mwenye nyumba kila tukikutana kwenye ngazi ananikumbusha harusi ya bintiye. Nimeapa mbele ya Ramadhani kwamba sitagonga mlango wa jirani yeyote mpaka funguo ziwe mkononi, na haniamini, tukienda kuangalia nyumba ananifungua mkoba kwanza.

Juzi mama kapiga simu. "Enhe, mmenunua?"

"Jirani tumeshapata, mama," nikamwambia. "Nyumba ndiyo bado."