Nyota Tano za Afande

Mwenzangu wa kupiga muziki harusini ni binti wa askari, amekulia kambini Makindye, hapa Uganda, kwa hiyo namwita afande. Mimi ni Mkenya. Mwezi uliopita tuliunganisha kompyuta zetu mbili zitumie maktaba moja ya nyimbo: alama anayoiweka yeye kwake, kwangu inaonekana. Nikakuta wimbo niliourekodi mwenyewe ameupa nyota tano. Wiki nzima nilitembea kifua mbele.

Jumamosi mchana, kwenye harusi moja huko Ggaba, nikapiga nyimbo za nyota tano tupu, moja baada ya nyingine. Wageni wakarudi vitini. Shangazi wa bibi harusi akaja kuniuliza kama kuna msiba.

Nikapandwa na hasira. “Afande, hizi ndizo nyimbo zako bora?”

“Bora? Shule zetu hapa Uganda, moja ndio alama ya juu. Ikipanda, umeanguka. Hizo za tano ni takataka, niliziwekea alama ili tuzifute.”

“Zote?” nikauliza, nikiufikiria wimbo wangu.

Akaitazama kompyuta, kisha akavitazama viatu vyangu. “Wewe piga tu za nyota moja, ndugu yangu.”