Kiroba cha Nevada

Kosa lilikuwa langu. Mimi nafundisha jiografia, na mjomba wangu ni mchimbaji mdogo pale Segese, kwa hiyo kila nikienda kumsalimia lazima aniulize habari za dhahabu za nchi za watu. Jumapili moja alinionyesha kwenye simu Wamarekani wamesimama mtoni na mabuti ya mpira, wanaosha mchanga kwa karai. Akataka kujua hayo ni majimbo gani.

Nikamtajia Alaska, Kalifornia, Kolorado. Ningeishia hapo. Lakini ujuaji ukanizidi, nikaongeza kwamba Nevada ndiyo yenye nyingi zaidi, ila ni laini mno, imejificha ndani ya mwamba, jicho haliioni.

Mjomba akaacha kutafuna muhogo. "Haionekani kabisa?"

"Kabisa, mjomba. Mpaka maabara."

"Mayo wee! Kumbe miaka yote hii namwaga!"

Jumapili iliyofuata nilikuta kiroba cha mchanga kimekalia kochi la wageni. Ulikuwa mchanga ule ule aliokwisha kuuosha akakosa kitu. Mkewe alikuwa amekaa juu ya ndoo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usikae hapo, pana Nevada."

Mjomba akaning'ang'ania twende wote kwa mnunuzi wa dhahabu, eti niwe shahidi msomi. Mnunuzi alichota mchanga kidogo, akautazama kwa lenzi, akaupuliza.

"Mzee, hapa hakuna kitu."

"Hakuna kinachoonekana," mjomba akamsahihisha. "Mwalimu, mweleze."

Nikaeleza, jasho likinitoka. Mnunuzi alinisikiliza kwa adabu zote mpaka mwisho. Kisha akafungua droo, akachota hewa kwa mikono miwili, akamkabidhi mjomba.

"Pokea, mzee. Na hizi ni noti za Nevada."

Watu waliokuwa kwenye benchi walicheka hadi mmoja akamwaga chai. Mjomba hakucheka. Alizipokea, akazitia mfukoni, akafunga kifungo, akashukuru kwa Kisukuma, "Wabeja sana," akatoka.

Njiani alitangulia na kiroba begani mpaka tukavuka stendi ya bodaboda. Hapo ndipo kicheko kilipomkamata, akashindwa kutembea, ikabidi kiroba nikibebe mimi. Mchanga tuliumwaga mlangoni mwa bafu, penye tope, na kesho yake akarudi kwenye duara lake, lile shimo la dhahabu, kuchimba.

"Mpwa wangu," aliniambia tulipoagana, "ukija tena, nifundishe habari za mvua tu."